Nairobi hadi New York si safari ya saa saba

Mhariri,

Makala za safari magazetini zina mazoea ya kuchukua saa ya kufika, kutoa saa ya kuondoka, na kutuambia huo ndio muda wa ndege. Nairobi hadi Mombasa hesabu hiyo inafaa. New York haifai.

Chukua tiketi ya Januari: kuondoka Nairobi 23:25, kutua New York 06:25, na kando yake alama ya +1, yaani siku ya pili. Ukitoa tu unapata saa saba. Lakini kila saa huandikwa kwa majira ya mji wake, na Januari New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8. Saba jumlisha nane, ni saa 15. Wakati wa kurudi unatoa hizo nane: 12:25 hadi 10:55 ya kesho yake ni saa 22 na nusu, zinabaki 14 na nusu. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi ya kwanza ya Novemba Wamarekani husogeza saa zao mbele, tofauti ikawa 7.

Kwa sisi tunaosoma saa kwa Kiswahili, mtego mbaya zaidi ni tiketi ya 00:40 tarehe 5. Hiyo ni saa sita na dakika 40, usiku wa kuamkia tarehe 5. Abiria anatakiwa uwanjani tarehe 4, saa tatu na nusu usiku hivi. Akija usiku wa tarehe 5, ndege yake iliondoka usiku uliotangulia.

Umbali wenyewe ni kama kilomita 11,840. Ramani ya ukutani hudanganya. Vuta uzi juu ya tufe la dunia utaona unapita Sudan, jangwa la Algeria na Morocco ndipo uingie Atlantiki. (Tangu vita vya Sudan vya Aprili 2023, anga ya huko hukwepwa, na kukwepa huongeza dakika.) Kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa ingekuwa saa 13 na ushei. Zinazozidi ni za kupanda, kushuka, foleni ya ardhini, na upepo wa juu utokao magharibi, ambao huvuma kwa nguvu zaidi miezi ya baridi. Ndio maana kwenda ni kurefu kuliko kurudi.

Uwanja wa Jomo Kenyatta nao uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi hupunguza nguvu za injini na uwezo wa mabawa kuinua, hivyo ndege yenye mafuta ya saa 15 huweza kulazimika kupunguza mizigo au abiria. Ubaridi wa usiku huisaidia kidogo.

Mkichapisha ratiba, tafadhali wekeni muda wa safari katika safu yake, mbali na saa za miji hiyo miwili.

Msomaji wenu,
Embakasi, Nairobi