Nati inaingia, oili inavuja: viungo vya paipu za oili kwenye ndege ya kujiundia

Mteja mmoja alivuka feri ya Likoni kutoka Ukunda akatufikia hapa Shimanzi na kiwiko cha shaba, kile kiungo kilichopinda, amekifunga ndani ya soksi ya mtoto. Akakiweka juu ya kaunta: "Ami, nipe mpira wa oili wa nusu inchi wa kuingia hapa, na ile tepu nyeupe ya mafundi bomba." Mpira aliupata baada ya siku mbili. Tepu hakuipata.

Kazi yetu ya kila siku ni mipira ya haidroliki: forklifti, tipa, mashua za uvuvi. Lakini mara moja moja huja mtu anayejiundia ndege, ana injini ya Lycoming au Rotax bandani, na maswali huwa ni yale yale. Tumeona tuyaandike hapa, maana maelezo ya kaunta huchukua nusu saa na waliopanga foleni nyuma hunung'unika.

Tatizo la kwanza ni la mji wetu, si la injini. Ukiingia duka lolote la vifaa Mombasa ukaomba kiungo cha nusu inchi, utapewa chenye meno ya BSP, yaani meno ya Kiingereza tuliyorithi pamoja na mabomba ya maji. Lycoming inaundwa Marekani, na matundu yake mengi ya oili yamekatwa meno ya NPT, yaani meno ya mabomba ya Kimarekani. Jino la BSP lina pembe ya digrii 55, la NPT digrii 60. Kwenye robo inchi utashtuka mapema, kwa sababu BSP ina meno 19 kwa kila inchi na NPT ina 18, kwa hiyo mizunguko michache tu kiungo kinakwama. Kinachodanganya ni cha nusu inchi. Hapo zote mbili zina meno 14. Kiungo kinaingia, kinakaza, mkono unaridhika. Ila meno hayajalaliana. Kati yake pamebaki njia nyembamba inayozunguka kama ngazi ya mnara, na oili ya moto itaifuata njia hiyo hadi nje.

Nasi tuliwahi kuliingia shimo hilo. Miaka ya mwanzo tulifunga kiungo cha BSP kwenye injini ya mashua iliyotoka Marekani, tukakipaka gundi, tukapokea pesa. Siku ya tatu nahodha alirudi, suruali imelowa oili hadi magotini. Hakutukana. Alikaa tu kwenye benchi akatutazama tukifungua. Tangu siku hiyo hakuna kiungo kinachotoka dukani kabla ya kupimwa kwa geji ya meno na venia (kipimo cha unene), hata kama mteja anaapa anakijua.

Mtego wa pili unatoka kwa mafundi wa friji, na hatuwalaumu. Kwa joto hili la Pwani kila mtaa una fundi wa AC, na kila fundi wa AC ana kifaa cha kupanua mdomo wa paipu. Basi mwenye ndege anachukua paipu yake ya alumini, anaipeleka hapo jirani, inapanuliwa vizuri, inang'aa. Kifaa hicho kinatoa mdomo wa digrii 45. Viungo vya ndege vya AN, herufi zilizotoka kwa jeshi la nchi kavu na la wanamaji la Marekani, vinataka digrii 37. Tofauti ni digrii 8 tu, jicho halizioni. Na tena kwenye paipu ya nusu inchi meno ya nati ya aina zote mbili ni sawasawa, kwa hiyo nati inapanda bila kulalamika. Badala ya mdomo kukaa juu ya koni kama kofia kichwani, unagusa kwa ukingo mmoja mwembamba. Ukikaza zaidi ili izibe, unaibana alumini mpaka inakuwa nyembamba, na ufa utaanzia papo hapo.

Kwa hiyo tukiulizwa "nikaze kiasi gani?" tunajibu kwa tarakimu. Nati ya AN kwenye paipu ya alumini ya nusu inchi hukazwa kati ya Nm 17 na 28 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), na meno yapakwe oili kidogo kwanza. Mdomo wenyewe haupakwi gundi wala chochote. Usipokuwa na spana ya toki, ile inayopima nguvu hiyo, njoo uazime ya kwetu, utaacha kitambulisho.

Sasa ile tepu. Hatumuuzii mtu wa injini ya ndege, na wengine hukasirika kwa sababu wameiona bei yake ni ya kitoto. Kwenye bomba la maji kipande kikikatika kitaishia kwenye ndoo. Ndani ya injini kitasafiri na oili hadi kwenye kitundu kidogo kuliko tundu la sindano ya cherehani, na hapo kitaziba. Meno ya NPT tunayapaka gundi ya majimaji ya kuziba meno, kwenye dume (upande unaoingia) peke yake, na jino la kwanza na la pili kutoka mbele tunayaacha makavu ili kisisukumwe kitu ndani.

Kiwiko ndicho kinachowatoa watu jasho. Meno ya NPT ni ya mteremko, yanazidi kubana kadiri unavyozungusha: kaza kwa mkono hadi kigome, kisha ongeza kama mizunguko miwili kwa spana. Kumbe kiwiko kimeishia kutazama chini, nawe ulitaka kitazame ukuta wa moto, ule unaotenga injini na chumba cha rubani. Kishawishi ni kukirudisha robo. Usirudishe! Ukilegeza meno ya mteremko yaliyokwisha kubana, umefungua njia. Ama songa mbele hadi pembe unayoitaka ikiwa bado kuna nafasi, ama kitoe, kisafishe, upake upya uanze tena. Wala usilazimishe. Kasha la injini ni la alumini, na likipasuka sikio, bei utakayolipa si ya kiwiko tena.

Upande wa injini tunashauri viungo vya chuma, si vile vya alumini vya bluu vinavyopendeza kwenye picha. Alumini huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 hivi. Moto unaotumiwa kupima ukuta wa moto ni karibu 1,100. Na hewa yetu ya chumvi haina huruma na alumini: miezi michache tu utaona unga mweupe. Afadhali ulijue hilo kabla hujachagua rangi.

Geji ya presha ya oili nayo ina lake. Paipu inayokwenda kwenye geji ianzie kwenye kiungo chenye kitundu cha kama milimita moja. Geji inahitaji kuhisi presha tu, haihitaji mtiririko, na paipu hiyo ikikatika angani utapoteza oili kwa matone badala ya galoni. Kihisio cha presha kilicho kizito usikining'inize juu ya injini kwa kiungo cha shaba. Mtikisiko utakivunja shingo. Kifunge kwenye ukuta wa moto, halafu ukifikishie mpira.

Mpira wenyewe tunaukata ukiwa na ulegevu wa asilimia 5 hadi 8, maana ukijaa presha hufupika. Ule mstari uliochapwa ubavuni si wa mapambo: ukiuona umejizungusha, mpira umesokotwa wakati wa kukaza.

Wenye Rotax 912, tafadhali: kwenye paipu inayotoka kwenye tanki la oili kwenda kwenye pampu, oili inavutwa, haisukumwi. Paipu hiyo ikilegea haitadondosha hata tone sakafuni. Itavuta hewa, presha itayumba, nawe utazunguka na kitambaa ukitafuta mvujo usioonekana. Kabla ya kuiwasha injini mara ya kwanza baada ya kufungua paipu, izungushwe kwa mkono hadi presha ionekane. Ikishawaka, presha isipopanda ndani ya sekunde 10, zima. Lycoming ipe sekunde 30.

Kisha zima, chukua tochi na kitambaa cheupe, pitia kila kiungo. Vilivyo sawa tunavichora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye mwili wa kiungo, ili siku ikilegea mstari ukatike uonekane. Sisi tunatumia rangi ya kucha, nyekundu. Kijana wetu huona haya kuinunua.

Sisi ni mafundi wa mipira na viungo. Idhini ya ndege kuruka si yetu, ni ya injinia mwenye leseni ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, naye akiukataa mpira wetu tunautengeneza upya bila maneno.

Njoo na kiungo cha zamani kama kilivyo, na uchafu wake, usikisugue. Alama za meno hutueleza mengi. Kupima ni bure. Ijumaa tunafunga saa sita kwa ajili ya swala na kufungua tena saa nane.