Mmeondoa vitu tu, mbona bili kubwa hivyo?

Swali hili tunaulizwa karibu kila tunapokabidhi kazi yetu ya kurahisisha majukwaa ya mtandaoni ya wanachama, na safari hii limekuja kwa hasira kiasi kwamba nimeona bora nilijibu hadharani. Mteja mmoja mwenye jukwaa la wapiga picha alifungua ukurasa mpya wa mwanzo akaanza kuhesabu. Menyu ya juu ilikuwa na viungo 19, sasa ina 5. Safu ya pembeni haipo. Orodha ya nani yuko mtandaoni haipo. Maandishi yanayotembea juu ya ukurasa, nayo yameondoka. Akatuandikia: "Yaani nimewalipa ili mniondolee vitu vyangu? Kufuta hata mimi najua."

Alijiona ameibiwa, na simlaumu. Mtu akiongezewa kitu hukiona, akipunguziwa huona pengo tu, na pengo halina sura ya kazi.

Lakini tuseme ukweli. Kufuta kila mtu anajua. Kinacholipiwa ni kujua ukifuta hiki, kitaondoka na kingine kipi. Tovuti ya kampuni ina kurasa chache zilizoandikwa na mtu mmoja, na ukizivuruga unaziandika upya. Jukwaa la wanachama limeandikwa na watu wengi kwa miaka mingi. Kila mada ina anwani yake ambayo mtu fulani ameihifadhi au ameituma kwa mwenzake, kila sehemu ina ruhusa zake za nani asome na nani aandike, na kila mwanachama wa zamani ana njia yake ya kuingia ambayo mkono wake umeizoea. Hayo yote hayaonekani kwenye ukurasa wa mwanzo.

Chukua zile sehemu zinazoitwa "zimekufa". Hapo ndipo wateja wengi huanza: wanaona sehemu haijapata mada mpya kwa miaka, wanaiwekea alama nyekundu, ifutwe. Sisi kabla ya kugusa chochote tunaomba kumbukumbu za seva, ili tuone watu wanaingilia wapi. Jukwaa moja la mafundi wa redio lilikuwa na sehemu ya miongozo ya zamani ambayo hakuna aliyeiandikia kwa muda mrefu. Mwenye jukwaa alikuwa tayari ameshika kitufe cha kufuta. Kumbukumbu zikaonyesha kwamba wageni wengi waliotoka kwenye injini za utafutaji walikuwa wanatua humo humo kwenye miongozo, wanasoma, kisha baadhi wanajisajili. Kwa hiyo sehemu iliyoitwa maiti ndiyo iliyokuwa inaleta watu.

Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, aliandika mwaka 2006 kuhusu jambo hili kwa kanuni inayojulikana kama 90-9-1: katika jumuiya nyingi za mtandaoni, takriban watu 90 kati ya 100 husoma tu, 9 huchangia mara moja moja, na 1 ndiye anayeandika sehemu kubwa ya yaliyomo. Mwenye jukwaa huwasikia yule 1 na wale 9. Wale 90 hawalalamiki. Siku wakikosa walichokuwa wanakisoma, wanaondoka bila kuaga, na wewe unabaki kujiuliza mbona takwimu zimeshuka.

Sasa nije kwenye njia ya mkato tunayokutana nayo kuliko zote. Mtu anaingia kwenye mipangilio ya muonekano, anabandika mistari michache ya CSS, lugha inayopanga sura ya ukurasa, yenye maneno display: none, na vitu asivyovitaka vinatoweka machoni. Kazi imeisha, tena bure. Ila vitu vyenyewe havijaenda popote. Seva bado inavitengeneza, simu ya mwanachama bado inavipakua, na programu-jalizi iliyovileta, yaani programu ndogo iliyoongezwa kwenye jukwaa, bado inaendesha skripti zake kimyakimya. Ukurasa umekuwa mweupe, uzito wake ni ule ule. Na yeyote anayejua kufungua msimbo wa ukurasa anaviona vyote vimekaa pale.

Uzito ni jambo dogo ukilinganisha na yaliyompata mteja wetu mwenye jukwaa la wafugaji wa nyuki. Alitujia akisema usajili umekufa. Kwa wiki kadhaa hakuna mwanachama mpya hata mmoja, na wakati huo huo alikuwa amelipia matangazo ya kuvuta watu. Alishaigombeza kampuni inayomhifadhia seva, alishazima kichujio cha barua taka, alishabadilisha hata rangi ya kitufe. Nikafungua fomu ya kujisajili: jina, barua pepe, nenosiri. Fupi, safi, inapendeza. Nikajaza, nikabonyeza "Jisajili". Kimya. Hakuna ujumbe wa kosa, ukurasa haukusogea. Nikabonyeza tena, kimya vile vile.

Ukifungua dirisha la wasanidi kwenye kivinjari, lile ambalo mafundi huonea makosa ya ukurasa, ndipo unaona kisa. Fomu ilikuwa na uga, yaani nafasi ya kujaza, wa nne, "Idadi ya mizinga", uliowekwa kuwa wa lazima tangu jukwaa lilipoanzishwa. Kijana mmoja wa familia aliombwa aifupishe fomu, naye akauficha ule uga kwa CSS. Kivinjari kikiona uga wa lazima uko mtupu hukataa kutuma fomu, kisha hujaribu kumpeleka mtumiaji kwenye uga huo ili aone kosa. Uga ukiwa umefichwa, hakuna pa kumpeleka. Kinalalamika kwenye dirisha la wasanidi, mahali ambapo mgeni hatafika kamwe, na mgeni anaona kitufe kilichokufa. Ndani ya mipangilio ya fomu kulikuwa na kisanduku chenye tiki mbele ya neno "lazima". Tiki hiyo ilitolewa kwa kubonyeza mara moja. Pesa ya matangazo haikurudi.

Njia ya mkato ya pili ni kuzima programu-jalizi zote zisizopendwa kwa mpigo. Ukizima ile iliyokuwa inaficha majibu ya mafumbo au kupanga picha, mada zote za nyuma zilizoitumia zinabaki na alama zake mbichi katikati ya sentensi: mabano ya mraba, neno la amri, mabano tena. Wanachama wanaona takataka kwenye maandishi yao wenyewe na wanadhani jukwaa limevamiwa. Kuzima kunahitaji kwanza kupitia hifadhidata na kusafisha alama hizo, au kuzigeuza kuwa kitu kinachosomeka, na kazi hiyo hufanywa kwenye nakala, kamwe si kwenye jukwaa linalotumika. Ukisikia fundi anasema hahitaji nakala, mfungie mlango.

Kuhusu anwani za zamani nitasema kwa ufupi, ingawa ndizo zinazokula muda wetu mwingi. Ukiunganisha sehemu 30 kuwa 8, anwani nyingi hubadilika. Kila ya zamani inatakiwa kuelekezwa kwa kudumu, kwa msimbo wa 301, kwenye mpya inayolingana nayo. Mafundi wa haraka huzielekeza zote kwenye ukurasa wa mwanzo. Google inaweza kuuchukulia ukurasa ulioelekezwa hivyo kama ambao haupo, na msomaji aliyekuwa anatafuta jibu mahususi anatupwa sebuleni aanze kutafuta upya. Google yenyewe hushauri maelekezo hayo yadumu angalau mwaka 1. Orodha ile ya anwani, hii inakwenda kule, ndiyo mstari mmoja mnene kwenye bili yetu ambao wateja huuita "kazi ya kunakili na kubandika". Kunakili ndiyo, lakini lazima mtu asome mada aamue inakwenda wapi.

Kisa kibaya kuliko vyote nilivyoletewa, lakini, hakikuhusu anwani. Kilihusu ruhusa. Jukwaa la walimu lilikuwa na sehemu nyingi mno, na wasimamizi wakaamua kuziunganisha wenyewe kabla ya kutuita, ili wapunguze gharama. Wakaichukua sehemu yao ya faragha, ambamo walikuwa wanajadili malalamiko na tabia za wanachama, wakazihamishia mada zake kwenye sehemu ya mazungumzo ya jumla wakidhani zitabaki za siri. Mada ikihama hufuata ruhusa za mahali ilipohamia. Si hivyo tu: wanachama waliokuwa wanaifuatilia sehemu ya jumla wakaanza kupokea arifa kwa barua pepe, mada baada ya mada, kila mtu akasoma alivyokuwa anasemwa. Tulipofika tulifunga sehemu, tukarudisha ruhusa, tukasimamisha arifa zilizokuwa bado kwenye foleni. Zile zilizokwisha kutumwa, basi tena.

Wanaodhani haya ni matatizo ya majukwaa madogo wakumbuke Digg, tovuti ambayo watumiaji wake walikuwa wanaleta viungo vya habari na kuvipigia kura. Agosti 2010 ilizindua toleo lake la 4, ikaondoa vitu ambavyo watumiaji walivizoea, kikiwamo kitufe cha kuzika habari mbovu, na ikaruhusu wachapishaji kumwaga habari zao moja kwa moja. Watumiaji waliandamana kwa kuujaza ukurasa wa mbele viungo vya Reddit, tovuti shindani, kisha wengi wakahamia huko. Julai 2012 jina na tovuti ya Digg viliuzwa kwa kampuni ya Betaworks. Reddit ilipobadilisha muonekano wake mwaka 2018, ule wa zamani haikuufunga. Iliuacha kwenye old.reddit.com kwa waliouzoea. Ndiyo maana kwenye makadirio yetu mnaona kipengele cha kuwaachia wanachama muonekano wa zamani kwa kipindi fulani. Wateja hukikata kwanza kwa kuwa kinaonekana kama anasa. Kikate ukitaka, ila ujue aliyeandika mada nyingi kuliko wote kwenye jukwaa lako ndiye mwenye mazoea mengi kuliko wote.

Kuna na urahisi wa macho, ambao kwangu si urahisi. Mteja analeta picha ya tovuti aliyoipenda: nafasi nyeupe tele, maandishi ya kijivu hafifu, vitufe visivyo na maneno, alama tupu. Kwenye picha inapendeza. Miongozo ya WCAG, ile ya kimataifa ya kufanya tovuti zitumike na watu wote hata wenye ulemavu, inataka mwanga wa maandishi ya kawaida utofautiane na wa mandhari yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Kijivu chenye msimbo wa rangi #999999 juu ya nyeupe, kile kinachopendwa na kila templeti ya kisasa, hakifiki hata 3 kwa 1. Ukikikoleza hadi #767676 ndipo unavuka mstari. Toleo la 2.2 la miongozo hiyo, la Oktoba 2023, linataka pia sehemu ya kubonyeza iwe angalau pikseli 24 kwa 24, na kwa vidole vya watu halisi sisi huenda juu zaidi. Tukikurudishia rangi iliyokolea kuliko ile ya kwenye picha yako, si kwamba hatuna jicho la sanaa.

Alama tupu ndizo zinaniudhi zaidi. Katika majaribio huwa tunamkalisha mwanachama, tunampa kazi moja, kwa mfano "tafuta swali uliloliuliza mwezi uliopita", halafu tunanyamaza. Kunyamaza ni kugumu. Mteja akiwepo lazima amwelekeze. Mama mmoja mtu mzima, mwanachama wa siku nyingi, aliitazama ile alama ya kioo cha kukuzia pale pembeni, nyembamba, ya kijivu, akaipita. Akafungua dirisha jipya la kivinjari, akaandika kwenye Google jina la jukwaa na maneno ya swali lake, akalipata. Alikuwa anafanya hivyo siku zote na alidhani ndivyo jukwaa linavyofanya kazi. Tukaweka sanduku la kuandikia lenye neno "Tafuta" lililo wazi. Tumeongeza kitu, ndiyo, kwenye kazi ya kupunguza.

Kwa hiyo bei. Hatutozi kwa idadi ya vitufe vilivyoondoka. Tunatoza kwa ukaguzi, kwa kuhamisha anwani na ruhusa, kwa majaribio, na kwa kukaa macho baada ya kuzindua tukisoma kumbukumbu za kurasa zinazokosekana, tunaziba moja moja. Fundi mwingine akikupa nusu ya bei, muulize atajaribia wapi kabla ya kuligusa jukwaa lako, na umwombe akuonyeshe orodha ya anwani alizowahi kuhamisha. Akikuonyesha, mpe kazi. Huenda kweli ana bei nzuri kuliko sisi.

Na kama unataka bili ipungue, usianze kwa kufuta. Anza kwa kukubaliana na wasimamizi wako. Saa zinazoliwa bure kwenye kazi zetu ni za vikao: kila msimamizi anataka jukwaa jepesi, mradi sehemu yake isiguswe. Mkija mmeshaamua jukwaa ni la nini na nani ana neno la mwisho, nusu ya mvutano imeisha kabla saa zetu hazijaanza kuhesabiwa. Tupeni pia ruhusa ya kusoma takwimu na kumbukumbu za seva za mwaka mzima ikiwezekana, maana majukwaa mengi yana misimu, na sehemu iliyolala leo huenda huamka kila mwaka wakati wake.

Ukaguzi tunaulipisha peke yake, na ripoti yake ni mali yako; unaweza kuichukua ukampa fundi mwingine yeyote afanye kazi iliyobaki. Ikionyesha kwamba tatizo lako lote ni tiki moja kwenye fomu ya usajili, tutaitoa hapo hapo, na bili itaishia kwenye ukaguzi.