Kauri inayong'aa haikuokotwa ufukoni

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno juu ya kauri, maganda ya konokono wa baharini, kubwa zenye madoa meusi na ya kahawia, zinazopangwa kwenye meza za vikumbusho katika fukwe zetu za Unguja. Wataalamu humwita konokono huyu Cypraea tigris, jina alilopewa na mwanasayansi Linnaeus mwaka 1758, na makazi yake huanzia pwani hii ya kwetu hadi visiwa vya Hawaii.

Mgeni huambiwa kwamba ganda limeokotwa ufukoni baada ya mnyama kujifia. Si kweli, na ushahidi anao mkononi mwake. Kauri akiwa hai hutoa nyama laini pande zote mbili za ganda, ikapanda hadi kukutana mgongoni, na nyama hiyo ndiyo inayolipaka ganda ng'aro yake na kulikinga lisikwaruzwe wala kuota mwani. Mara nyingi mgongoni huonekana mstari mwembamba. Hapo ndipo pande hizo mbili zilipokuwa zikikutana. Mnyama akifa, ganda husuguliwa na mchanga na kupigwa na jua mpaka likapauka. Kwa hiyo kauri inayong'aa kama kioo ilichukuliwa mwenyewe akiwa bado yumo ndani.

Wakati wa bamvua lililopita, maji yalipokupwa, nilimwona kijana akipindua jiwe la tumbawe na kumbandua kauri aliyekuwa amelalia mayai yake, rundo la vifuko vyeupe vilivyoshikamana, kisha akaenda zake bila kulirudisha jiwe. Mayai yasiyo na mama wa kuyafunika huliwa na samaki, na viumbe waliojishikiza upande wa chini wa jiwe hukaushwa na jua hilohilo. Simlaumu kijana yule, kwani anatafuta riziki, na anayemtuma hasa ni mnunuzi.

Wapo wanaopendekeza kiwekwe kipimo cha ukubwa, ili wadogo waachwe. Kwa kauri kipimo hicho hakina maana kubwa, kwa sababu akishakomaa, mdomo wa ganda ukajikunja ndani na kuota meno, haongezeki urefu tena, hivyo mdogo anayeachwa leo huenda ni mzee aliyekwisha kutimia. Linalofaa zaidi ni kufunga sehemu ya mwamba kwa muda, kama baadhi ya vijiji vya Unguja na Pemba vinavyofanya ili pweza wakue, na kauri waingizwe katika makubaliano hayohayo, pamoja na sharti kwamba kila jiwe linalopinduliwa lirudishwe lilivyokuwa.

Nawaomba pia wenye hoteli waziondoe kauri hizi katika maduka yao, na waongoza watalii wawaeleze wageni habari ya ule mstari wa mgongoni kabla hawajatoa fedha.

Wako msomaji,
Jambiani, Unguja