Tembo wa kwenye sarafu anapata nini?

Mhariri,

Makala yenu kuhusu sarafu za ukumbusho zenye wanyamapori niliisoma kwa furaha, ila mmesifia michoro mkasahau kuuliza mnyama mwenyewe anaambulia nini.

Hizi sarafu ndizo ugonjwa wangu. Iliyo mezani sasa ni ya Somalia, ya tembo, aunsi moja ya fedha, yaani gramu 31.1. Imeandikwa shilingi 100, lakini hakuna mwenye akili timamu atakayeitumia kununulia kitu. Madini yaliyomo yanaizidi thamani hiyo mbali sana. Imo ndani ya kikasha cha plastiki, na sithubutu kuigusa kwa vidole vitupu, maana jasho huacha doa. Hutengenezwa Bavaria, Ujerumani. Mfululizo wake ulianza kwa jina la Zambia, na mwaka 2004 ukahamia Somalia. Tembo kabadilishwa uraia bila kuulizwa! Kila mwaka mchoro unakuwa mpya, nasi tusiolala tukikosa mwaka mmoja tunanunua tena.

Biashara hiyo siigombi. Ninachogomba ni vyeti vinavyokuja na sarafu za namna hii. Hutaja uzito, usafi wa madini na idadi ya zilizotengenezwa. Nilivyo navyo mimi, kuhusu hifadhi ya mnyama havina hata mstari.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Mwaka 1974 Tanzania ilitoa twiga wa shilingi 25, faru wa shilingi 50 na duma wa dhahabu wa shilingi 1,500, katika mkusanyo wa nchi nyingi uliokusudiwa kuchangia uhifadhi kupitia WWF na IUCN, mashirika ya kimataifa ya uhifadhi. Mnunuzi alijua anachangia nini.

Nitaambiwa kwamba picha yenyewe inaelimisha. Inaelimisha ikipita mikononi mwa watu. Mbuni wa senti 20 na sungura wa senti 50, sarafu za Tanzania za 1966, walizunguka mifukoni hadi wakasagika sura. Tembo wangu anaonwa na mimi tu, nikifungua droo.

Basi wanaozitoa waandike kwenye cheti, kando ya uzito, asilimia inayokwenda kwenye hifadhi. Kama ni sifuri, waandike sifuri. Nanyi, toleo jipya likitoka, waulizeni hilo kabla ya kuusifia mkonga.

Mkusanyaji wa sarafu