Waya Unaoburura Nyuma ya Gari la Rimoti Usiukate

Jumamosi baba mmoja wa Barani, hapa Malindi, alisimama mlangoni kwangu, gari la mwanawe kwapani, akasema mbele ya wateja: "Fundi, juzi umenitoza mia nane kwa waya wa shilingi ishirini. Huu si wizi?" Sikumjibu vizuri, nakiri. Nilikuwa na simu tatu mezani, zote wazi, na joto lile mwalijua. Basi naandika hapa nilichopaswa kumwambia, maana si wa kwanza, na shule zikifungwa huja wengine.

Gari lake lilikuwa likienda sawasawa kwa hatua tano. Likivuka hapo lapata wazimu: linapinda lenyewe, linasimama, mara linakimbilia ukuta. Ugonjwa niliuona kabla sijafungua hata skurubu moja. Eriali, ule waya wa nyuma unaonasa mawimbi ya rimoti, ilikuwa imebaki urefu wa kidole. Mtoto akaniambia waya ulikuwa ukinasa kwenye tairi, baba akachukua mkasi.

Tazama nyuma ya rimoti yako. Magari mengi ya zamani, na yale wanayoletewa watoto na wajomba wa Italia (Malindi hii wajomba wa Italia hawakosekani), yameandikwa 27 MHz au 40 MHz. Wimbi la 27 lina urefu wa mita 11 hivi, na eriali ya kulipokea vizuri hutakiwa iwe robo yake, karibu mita 2 na robo tatu. Nani atafunga waya huo kwenye kigari cha kubebwa kwapani? Kwa hiyo kiwandani huweka waya mfupi, mara nyingi kama nusu mita, na upungufu uliobaki huzibwa na koili ndogo ya shaba kwenye bodi ya risiva, kile kipokezi cha mawimbi ndani ya gari. Koili hiyo imepimwa pamoja na waya ule ule. Kata sentimita ishirini, na vipimo vya koili vimekwenda nazo.

Kuongeza nako hakusaidii. Kuna kijana alikuja na gari lililoungwa waya wa umeme, mita tatu kamili, ameuinua kwa ufito kama mwenye mshipi wa kuvulia. Alishangaa kwa nini gari linasikia karibu kuliko mwanzo. Nilicheka, Mungu anisamehe, kisha nikamrudishia nusu mita yake.

Zile za siku hizi za 2.4 GHz ni habari nyingine kabisa. Wimbi lake ni sentimita 12 na nusu tu, robo yake milimita 31. Ukiuangalia ule waya mwembamba wa risiva, utaona mwishoni umechunwa ganda la nje na wavu wake. Ile ncha ndiyo eriali, milimita 31 zile. Sehemu nyingine yote ni mfereji wa kupitisha tu. Watu huona ncha imechunwa wakadhani imeharibika, wakaikata "kuisafisha". Hapo angalau naweza kuchuna upya, kwa wembe na rula, mradi mkono usitetemeke.

Na wenye boti za rimoti, ncha hiyo ikae juu. Kijana mmoja aliificha chini, karibu na maji, ili boti lipendeze. Maji ya bahari humeza mawimbi hayo vibaya sana. Boti lilitoka vizuri, likaacha kusikia, na maji yalikuwa yakipwa. Alimlipa mvuvi mia tatu kumrudishia, halafu akaja kwangu kulalamika bei.

Si kila wazimu ni wa eriali, lakini. Mota za brashi hutoa cheche, na zile kapasita ndogo zilizolehemiwa kwenye mota ziking'oka, kelele za cheche huingia kwenye risiva. Hilo nalo nalitazama, na silitozi nikishafungua gari.

Ngomeni hapo jirani, tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka kwenye jukwaa la Waitaliano baharini. Sidhani kuna aliyewaambia wapunguze eriali kwa kuwa inawasumbua.

Waya ukikunasia, uvalishe mrija. Gari jipya huja na mrija wake wa plastiki, watu huutupa na boksi. Ninao dukani, na ukiona ghali, wa soda nao hufaa ukiufunga kwa selotepu. Waya ukizidi urefu wa mrija, acha ncha ininginie. Usiuzungushe kwenye chuma wala usiukunje mara mbili ukaulaza pamoja.

Kama mkasi umeshapita, lete gari na rimoti yake, na kile kipande usikitupe. Nikikipata, napima, nalehemu, navalisha mpira wa kubana kwa moto, na ni mia mbili. Yule baba wa Barani alikuwa amekitupa. Nilianza na waya wa sentimita sitini, nikaenda ufuoni Silversands asubuhi na mapema eriali ya rimoti nimeikunja, natembea mpaka gari liache kusikia, narudi, napunguza sentimita moja, natembea tena. Nilirudi dukani saa nne na mchanga kwenye viatu.