Asante, dada uliyetunyooshea hesabu za kikoba

Shukrani hizi nazitoa hadharani kwa dada aliyetunyooshea lahajedwali la Excel la mikopo ya kikoba. Tulitaka mstari mzima wa mwanachama uwe mwekundu tarehe ya marejesho ikipita naye bado anadaiwa, lakini rangi zilikuwa zinawaangukia hata waliomaliza deni. Kumwonyesha mtu kuwa mdaiwa mbele ya wenzake ilhali amelipa ni kumvunjia heshima.

Kwanza alifuta kanuni zote za zamani. Akachagua A2 hadi F60, akafungua umbizo la masharti (Conditional Formatting, yaani kupaka seli rangi kwa sharti), akachukua kanuni ya kutumia fomula, akaandika =AND($D2>0,$E2<TODAY()). D ni salio la deni, E ni tarehe ya marejesho; fomula inauliza kama salio limezidi sifuri na pia tarehe imepita leo. Alama ya dola hukaa mbele ya herufi tu, ili safu isihame na kila mstari ujipime wenyewe. Namba nayo ilingane na mstari wa kwanza uliochaguliwa: ukianzia A1 huku fomula inasema 2, rangi zote hupanda mstari mmoja juu.

Kisha akaufikia mzizi wenyewe. Baadhi ya seli za salio zilikuwa na neno “amelipa”, na Excel huyahesabu maandishi kuwa makubwa kuliko namba yoyote. Tarehe iliyoachwa tupu nayo huchukuliwa kama sifuri, yaani imeshapita. Akaongeza masharti mawili, kwamba salio liwe namba na tarehe isiwe tupu: ISNUMBER($D2) na $E2<>"" ndani ya AND.

Hakutaka malipo. Alikaa na mhazini wetu mpaka mhazini mwenyewe akaiandika fomula kwa mkono wake. Wenye ujuzi huu, tafadhali waketieni wahazini wa vikundi vyenu kabla ya mgawo wa mwisho wa mwaka.