Mapromota, Mbeya tunaganda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na mapromota wanaotuletea wanamuziki huku Mbeya. Tiketi inaandikwa saa 2 usiku, msanii anapanda jukwaani saa 7. Dar es Salaam sawa, mtu anakesha na fulana. Sisi tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai usiku tunashuka chini ya nyuzi 10.

Julai iliyopita nilikwenda na mke wangu kwenye shoo moja ya uwanjani. Saa 5 DJ bado anatupigia nyimbo zilezile za kwenye daladala za Mwanjelwa. Akina mama wamejitanda vitenge juu ya masweta, vijana wa nyuma wanachoma maboksi wapate moto, na kwenye jiko la muuza chipsi watu wamejaa kuliko mbele ya jukwaa. Msanii alipotokea na koti la manyoya (yeye angalau aliambiwa hali ya hewa), nusu ya uwanja ilishaondoka, maana daladala za Uyole zilikuwa zimekatika na bajaji wanataka bei ya kukodi. Akaimba juu ya CD. Akauliza, “Mbeya mpooo?” Tulikuwepo tangu saa 2.

Mimi nimepiga tumba kwenye bendi kwa miaka mingi. Usiku wa huku hautesi watu tu. Ngozi ya tumba ikipata umande inalegea, unapiga unasikia kama unagonga godoro. Tulikuwa tunaziinamisha juu ya jiko la mkaa nyuma ya ukumbi, mmoja anazigeuza, mwingine anazijaribu kwa kidole. Na nyuzi za gitaa, chuma kikipoa kinajikaza, sauti inapanda. Gitaa ulilotyuni mchana, usiku wa manane halielewani na kinanda. CD haisikii baridi, labda ndiyo maana wanaipenda.

Visingizio tunavijua. Mara gari la vyombo limekwama mlima wa Kitonga, njiani kutoka Dar. Basi litoke Dar siku moja kabla! Na dawa ya baridi si ngeni. Miaka ya 1980 Iringa ilikuwa na bendi yake kubwa, Tancut Almasi, ya kiwanda cha kukata almasi, na baridi ya Iringa haina tofauti sana na ya kwetu. Bendi za enzi zile zilikuwa na bugi la mchana, vijana wakicheza mchana kweupe na giza likiingia wako nyumbani.

Ninachoomba ni hicho hicho: Jumapili, saa 9 alasiri, vyombo vipigwe kwa mikono, saa 1 usiku tutawanyike daladala zingali zipo. Na kama hofu ni mauzo ya vinywaji, mapromota wasiwe na wasiwasi, jua la saa 9 nalo linatia kiu.

Mpiga tumba mstaafu,
Uyole, Mbeya